Daku ya Anuar

Hebu weka kikombe chini kwanza, chai haikimbii, nikutegee. Hafungi wala hafuturu, saa hana, ya mkononi wala ya ukutani, lakini daku haijampita hata siku moja. Nani huyo?

Usiniambie mpiga ngoma ya daku, maana huyo anafunga kama wewe. Usiniambie paka, paka wa Mji Mkongwe hawana daku, wanakula muda wote. Umeshindwa? Basi nipe mji. Sitaki mji mkubwa, nipe Kidichi. Haya, nimekwenda Kidichi, nimekula shelisheli la kuchoma, nimekaa kwenye upepo wa mikarafuu mpaka miguu ikaacha kuniuma, nimerudi, na jibu nakupa: ni mjukuu wangu Anuar, mtoto wa binti yangu Sumaiya, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miezi mitatu.

Sumaiya alikuja kujifungulia kwangu Mkunazini, kama ilivyo ada kwa uzazi wa kwanza. Mumewe Ayoub, mwalimu wa hesabu, akamfuata na begi lake na pasi yake. Mtoto akazaliwa Shaaban ilipoanza, na arobaini yake ikaangukia katikati ya Ramadhani. Sasa wewe fikiri. Mtoto anatolewa chumbani kwa mara ya kwanza aione dunia, na dunia yenyewe ni nyumba yangu mwezi wa Ramadhani. Mchana kimya, utadhani tumehama. Pazia zimeshushwa, kila mtu amejilaza na mdomo mkavu. Jua likishazama, taa zote zinawashwa, majirani wanapanda ngazi, sahani za kaimati zinashuka na za tambi zinapanda, na Anuar anapita mkono kwa mkono mpaka saa za daku. Mtoto akatazama, akafahamu: mchana ni wa kulala, usiku ni wa watu.

Ikaja Idi, siku zake nne zikapita. Sisi tukarudi kwenye maisha yetu. Anuar akaendelea na Ramadhani.

Mchana alilala kama mtu aliyepakua meli. Usiku macho yake yalikuwa makavu, mazuri, yanangoja wageni. Sumaiya akaanza kupungukiwa akili kidogo kidogo. Siku moja alitia chumvi kwenye chai ya mumewe, na mumewe kwa usingizi aliokuwa nao akainywa yote. Siku nyingine tulitafuta simu yake nyumba nzima, tukaikuta kwenye friji, imelala kando ya bamia.

Haya yangekuwa ya kuchekesha tu, lakini Sumaiya anafanya kazi maabara. Anapima damu za watu. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inakwisha, na Jumatatu ya wiki ya pili yake alitakiwa kazini.

"Mama," aliniambia, "nikichanganya vichupa viwili tu, mtu ataambiwa ana maradhi ya mwenzake."

Hapo ndipo alipoingia Bi Mwanakheir. Huyu ni mama yake Ayoub, bibi mwenzangu. Anakaa Kiembe Samaki, ana nyumba ya vyumba vinne, bustani mbele, na kiyoyozi. Alipanda ngazi zangu, akavuta pumzi, akanywa maji, akasema lililomleta.

"Nimchukue mimi. Sumaiya na mtoto wahamie kwangu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Ijumaa jioni nawarejesha. Kwangu kimya."

"Kimya?" nikamuuliza. "Na ndege zinavyopita juu ya bati lako, hata sahani kabatini zinasalimiana?"

"Ndege zinapita kwa ratiba, Bi Kazija. Huyu wako hana ratiba."

"Ratiba ya nini, kwani amekuwa meli?"

"Angekuwa meli ningemsikia anapiga honi mara moja akaondoka zake. Huyu naambiwa anapiga mpaka alfajiri."

Ayoub akakohoa kati ya mama wawili, akasema tufanye hivi: tujaribu wiki hii. Ikifika Jumapili mtoto bado hajajua usiku ni usiku, wanahamia Kiembe Samaki. Sumaiya akakubali upesi kuliko nilivyopenda. Bi Mwanakheir akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyekwisha tandika shuka.

Nami nikabaki nahesabu. Jumatatu mpaka Ijumaa. Nyumba hii ina ngazi ishirini na nne, milango saba, na mtu mmoja wa kuifungua yote.

Jumatatu sote watatu, mimi, Sumaiya na Ayoub, tukampeleka Anuar kliniki kupimwa uzito. Nesi wa zamu, Bi Khairat, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kupoza uji, akamweka kwenye mizani, akaandika, akatabasamu.

"Uzito mzuri sana. Sasa mbona nyinyi ndio mliokonda?"

Sumaiya akamweleza. Bi Khairat akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mchana mtoto analala wapi.

"Mikononi mwangu," nikajibu kwa fahari. "Chumbani, pazia chini, na mtu akipita anavua viatu."

"Na usiku?"

"Usiku tunawasha taa tunamchezesha, labda atachoka."

Bi Khairat akaiweka kalamu yake chini. "Bi mkubwa, mtoto huyu mmemfundisha vizuri sana. Ila mmemfundisha kinyume."

Akatueleza taratibu, na mimi nikaandika kwenye daftari kwa hati yangu ya mviringo. Asubuhi atolewe kwenye mwanga. Mchana alale palepale penye maisha ya watu, pazia wazi, kwenye kitanda chake, chali, bila mto wala nguo za kumzonga. Akianza kupepesa macho na kujisugua alazwe kabla hajapitiwa, ili usingizi umkute kitandani, asiibiwe akiwa mikononi akaja kuzindukia pengine. Usiku taa ndogo, hakuna hadithi, hakuna wageni.

"Akiamka kunyonya, anyonye. Kwa umri wake ni haki yake, wala msimtarajie alale mpaka asubuhi," akasema. "Kunyonya usiku si kosa. Sherehe ndiyo kosa."

"Tatizo letu saa tisa," Sumaiya akasema. "Hata alale saa ngapi, saa tisa ya usiku macho kodo, na hapo tena mpaka adhana."

"Kila siku saa tisa?"

"Kila siku."

Bi Khairat akatuangalia mmoja mmoja. "Hiyo saa tisa anaamka mwenyewe, au kuna mtu anaemwamsha?"

Sumaiya akamtazama Ayoub. Ayoub akanitazama mimi. Mimi nikatazama picha ya chanjo iliyobandikwa ukutani, nikaisoma kutoka juu mpaka chini, na kutoka chini mpaka juu. Mtoto mwingine akaitwa kwenye mizani, tukanyanyuka, na swali likabaki pale kwenye benchi.

Wewe nitakwambia, maana wewe si mkwe wangu.

Mimi na marehemu mume wangu daku tulikuwa tunakula pamoja jikoni, yeye muhogo wake na mimi uji wangu, tukiwasengenya majirani waliolala. Tangu afariki, mwaka wa nne huu, nakula daku nikitazama friji. Ramadhani hii nikapata mwenzangu. Idi ilipopita nikafunga sita za Shawwal, kama kawaida yangu, kwa hiyo saa tisa niko macho. Na siku za mwanzo Anuar alikuwa akiamka mwenyewe. Kwa vile mimi na Sumaiya tunalala chumba kimoja, na kitanda cha mtoto kiko kati yetu, namchukua haraka kabla mama yake hajasikia. Nikajiona namsaidia mwanangu. Tunakwenda jikoni. Namtegea.

"Nikimpa maji ananyamaza, nikimpa moto anaimba."

Anakunja uso, anafikiri. Namwonyesha birika. Anacheka kwa ufizi mtupu mpaka mabega yanatikisika. Kicheko kile saa tisa ya usiku hukipati kwa mtu mzima yeyote, hata umlipe. Baada ya saa moja anasikia njaa, analia, mama yake anaamka, nami nasema, "Kaamka, mwanangu, nimemchukua usije ukasumbuka." Sumaiya ananishukuru. Ananishukuru, unasikia?

Kisha sita zikaisha, na mtoto akaanza kupitiliza. Usiku wa kwanza aliopitiliza nikasimama juu ya kitanda chake na chai yangu mkononi, nikangoja. Akanyoosha mguu mmoja. Nikauchezea unyayo kwa kidole. Kidole kimoja, tena kile cha mwisho.

Baada ya maneno ya Bi Khairat niliapa sirudii. Na ili nilipie niliyoyafanya, mchana nikayafuata maagizo yake kama askari. Pazia zote juu. Saa moja ya asubuhi namtoa Anuar kwenye roshani, anakunja macho kwa mwanga na kunitazama kama nimemsaliti. Nikakihamishia kitanda chake jikoni nikifanya kazi, nikamlaza akipepesa macho, chali, bila mto. Akalia. Nikampapasa tumbo, nikamwambia niko hapahapa. Akalia tena. Nikakaa juu ya mbuzi, nikaanza kukuna nazi.

Akanyamaza. Krr, krr, krr, macho yakamlegea, akalala. Nikamaliza nazi, nikasimama. Akafumbua macho.

Nikachukua nazi ya pili. Akalala. Ya tatu. Nikagundua kwamba usingizi mmoja wa Anuar wa mchana ni nazi tatu, na yeye kwa siku analala mara nne.

Jumatatu tulikula wali wa nazi na mchicha wa nazi. Jumanne samaki wa kupaka na ndizi za nazi. Jumatano asubuhi Ayoub alifunua sufuria, akaifunika tena.

"Mama, hii pia ina nazi?"

"Kidogo."

"Ni chai, Mama."

"Chai ya nazi si mbaya, mwanangu. Kunywa, uende skuli."

Machicha nikawapa kuku wa jirani, mpaka nao wakawa wakiniona wanageuka. Lakini Alkhamis nikapata akili: nikawa nakuna polepole zaidi, kisha polepole zaidi, kisha napapasa mbuzi kwa kiganja tu, mwishowe nakaa kimya. Anuar akajifunza kulala bila nazi. Ijumaa nilimlaza akitazama dari, nikaendelea kuosha vyombo, nikageuka nikamkuta amelala peke yake, mikono juu kama aliyejisalimisha. Akalala saa moja na nusu, redio inasema, sufuria zinagongana. Mchana tumeushinda. Na jioni, taa ndogo, hakuna maneno, saa mbili u nusu amelala. Anaamka mara moja saa sita, ananyonya, analala.

Na saa tisa?

Usiniulize hivyo. Kila usiku naapa, kila usiku nashindwa. Jumatano nilipita mbali na kitanda, nikauambaa ukuta kama mwizi, nikafika jikoni. Nikanywa chai. Nikalitegea friji kitendawili. Friji halikujibu. Nikarudi kuchungulia tu.

Ayoub sasa alikuwa akichora. Alikuwa na karatasi ya mistari, na juu yake vidoti vyekundu vya kila usiku, kwa saa nilizokuwa namtajia mimi asubuhi. Alkhamis jioni akatuita mezani.

"Saa tisa na dakika tano. Saa tisa na kumi. Saa tisa na sita," akasema. "Mtoto wa umri huu hana saa. Hiki kitu kinaendeshwa na mashine."

"Mashine gani?" nikauliza, na sauti yangu ikatoka ndogo.

"Pampu ya Abid."

Abid anakaa chini yetu, anauza vitambaa, mtu mtaratibu ambaye hata akipiga chafya anaomba radhi. Maji ya bomba yanapata nguvu usiku, kwa hiyo saa tisa huwa anaamka anawasha pampu kujaza tangi lake. Ayoub akashuka na karatasi yake. Nilikaa juu ya ngazi nikasikia kila neno. Abid alisema jamani, kumbe ni mimi, nisameheni sana, kwa nini hamkusema mapema, mtoto ni wetu sote. Usiku ule ule akaacha kuwasha.

Alkhamis pampu kimya, Anuar kaamka saa tisa na dakika nane. Ijumaa pampu kimya, Anuar kaamka saa tisa na tatu. Nilimsikia Dilshad, mkewe Abid, akishuka asubuhi na ndoo kwenda kuomba maji nyumba ya tatu, ndoo inagonga ngazi, nami kila ikigonga najikunyata.

Ungedhani hapo ningesema. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikamwona Bi Mwanakheir kichwani mwangu, akitandika kitanda kwake. Mara ya pili nikaomba wapitishe sukari.

Jumamosi usiku nilikula mapema, nikalala na khanga nimeifunga machoni. Saa tisa nikaamka hivyo hivyo kipofu. Nikasema leo naswali rakaa zangu mbili, narudi kulala. Nikaswali. Nilipotoa salamu, kulia, kisha kushoto, nikamwona kushoto, ameweka ngumi shavuni kama mzee anaewaza. Nikasema namfunika tu. Sasa Unguja, kwa joto lile, mtoto anafunikwa nini?

Jumapili saa nne asubuhi Bi Mwanakheir akafika. Gari liliachwa nje kwenye barabara, kwa vile kichochoro chetu hakipiti gari, akapanda ngazi ishirini na nne na kapu la kubebea mtoto, jipya, lina utepe.

"Hodi hapa. Bi Kazija, hujambo?"

"Sijambo. Karibu, Bi Mwanakheir. Kaa, upumue."

"Napumua nikishafika kwangu. Haya, vipi usiku?"

Sumaiya alitoka chumbani na begi mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa usingizi tu. Ayoub akamwonyesha mama yake karatasi. "Mchana analala vizuri sana, Mama. Mama mkwe kafanya kazi kubwa. Jioni analala. Saa sita ananyonya, analala. Ni saa tisa tu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Tulidhani pampu. Pampu imezimwa."

Hapo hapo mlango ukagongwa, akaingia Dilshad, ndoo mbili mikononi, amechoka, anatabasamu kwa adabu. "Shikamoo Bi Kazija. Shikamoo bibi. Samahani, naomba maji kidogo kwenye tangi lenu. Leo tuna wageni. Abid hataki kuwasha pampu, anasema mpaka mtoto akue."

Nikazipokea ndoo, nikazijaza mwenyewe, ipate la kufanya mikono yangu. Niliporudi nilimkuta Sumaiya amekaa kwenye kiti, begi mapajani.

"Nshajua ni nini," akasema. "Ni mimi. Maziwa yangu hayamtoshi. Saa tisa yanakuwa yameisha, ndiyo maana haamki kwa kulia kwanza, anaamka kwa kudhoofu. Kesho nikienda kazini bora aanze maziwa ya kopo tu."

"Lakini nesi kasema uzito mzuri," Ayoub akasema.

"Nesi hakuwepo saa tisa."

"Usijilaumu, mwanangu," Bi Mwanakheir akamwambia, na nilimpenda kidogo kwa kusema vile. Alilifungua kapu, akatandaza shuka ndogo ndani, akalainisha kona kwa vidole. Kisha akasimama, akajishika kiuno. "Ila mimi nataka kufahamu kabla sijamchukua, nami nijue najiandaa kwa lipi. Kuna nini saa tisa? Nesi hakuuliza?"

"Aliuliza," Sumaiya akasema, bila kunyanyua uso. "Aliuliza anaamka mwenyewe au kuna mtu anaemwamsha."

"Na nyinyi mkamjibu nini?"

Dilshad alikuwa amesimama mlangoni na ndoo zake, maji yanadondoka kwenye sakafu. Ayoub aliitazama karatasi. Anuar alikuwa ameamka kwenye kitanda chake, hakulia. Aligeuza kichwa akanitazama mimi, nyusi juu, kama tulivyozoea, anangoja nitege.

Nikaifuta mikono kwenye khanga.

"Anaamshwa," nikasema. "Namwamsha mimi."